Shemeji wa Muscat

"Usimfungulie, mwanangu. Hasemi na mtu," alisema Bi Time, mkono wake ukiwa juu ya komeo la chumba cha uani.

Khairat alimjibu kwa upole kwamba hakuja kumsemesha. Angekaa nje ya mlango tu. Mgonjwa akitaka kuzungumza, atazungumza. Nesi Saadiya, aliyefuatana naye kutoka mjini hadi Bwejuu, alikuwa keshauliza maswali yake yote kupitia dirishani na hakujibiwa hata moja. Ikawa zamu ya Khairat. Yeye pale kliniki aliitwa msaidizi rika: mtu aliyewahi kuumwa maradhi ya akili, akapata nafuu, kisha akaajiriwa kuwasindikiza wenziwe wanaopita njia ile ile. Jirani ndiye aliyepiga simu kusema kuna mtu amefungiwa ndani miaka mitano.

Akaketi juu ya mkeka, akaegemea ukuta, akawa kama anajisemea mwenyewe.

"Mie nililazwa miezi minne. Nilikuwa namsikia marehemu babu yangu akinikataza kula, nikamtii mpaka nikabaki mifupa. Hadi leo nnameza vidonge kila siku."

Kisha sauti kavu ikatoka ndani.

"Na babu keshaondoka?"

"Huja mara moja moja. Siku hizi nnamsikia, lakini simtii."

Bi Time mwenyewe ndiye aliyevuta komeo, machozi yakimtiririka. Akatoka mtu mrefu, mwembamba, ndevu zimekatwa vizuri. Jina lake Msabah. Chai ilipoletwa akasimulia kidogo kidogo: alikuwa mwalimu wa hesabu, akaanza kuumwa, akaletwa huku kwa shangazi yake, huyu Bi Time. Shangazi anampenda, ila anaogopa maneno ya watu.

"Mdogo wangu anaoa mwezi ujao," akasema. "Mie sitokwenda. Niko Muscat."

"Uko Muscat?"

"Ndivyo alivyoambiwa bi harusi. Nna kazi kubwa huko, sipati ruhusa." Akatabasamu. "Usimuone mbaya. Kila Jumapili huniletea urojo kwenye chupa ya chai, kutoka mjini mpaka hapa, na hauji umepoa. Mansour, fundi wa mafriji pale Mtoni. Labda unamjua."

Khairat akaweka kikombe chini. Alimjua. Alikuwa mchumba wake. Jumapili zote zile simu ya Mansour haikupatikana, na kila alipomuomba ampeleke Bwejuu kumuona shangazi aliambiwa bado; akadhani ana mwanamke mwengine. Simu ikatetema mfukoni. Ujumbe wa Mansour:

"Kanzu ya harusi nshaichukua kwa fundi. Uko wapi mpenzi wangu?"

Akairudisha simu mfukoni. Alimwambia Msabah yeye ni nani, kisha akaomba ruhusa, maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

"Nikimwambia nimekuona, utaridhia?"

Msabah akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie Muscat kuna joto."

Alasiri ile ile Khairat aliingia kwenye kibanda cha Mansour, akamkuta amepiga magoti mbele ya friji lililofunguliwa mgongo. Akampa salamu kama alivyotumwa. Bisibisi ikamtoka mkononi.

Mansour hakukana. Akaeleza kwamba alishaposa mara mbili kabla yake, na mara zote mbili wazee wa mke walipopata habari za Msabah waliirudisha posa, wakasema ukoo una wazimu. Mara ya tatu akaona bora aseme uongo.

"Lakini mie nilikwambia," Khairat akasema. "Wiki ya kwanza tu tulipojuana. Wodi niliyolala, dawa ninazomeza, yote nilikwambia. Kwangu uliogopa nini?"

"Nilikuwa nshazoea kuficha. Na baba yako niliona hatokubali."

"Basi nijibu hili. Siku nikirudi kuumwa, mie utasema niko wapi?"

Mansour akainama kuiokota bisibisi. Khairat akavua pete, akaiweka juu ya friji, akamwambia ndoa isimame mpaka atakapopata jibu. Alijikaza njiani kote. Alilia alipofika nyumbani, mbele ya mama yake.

Wiki tatu zikapita, simu hakupokea. Asubuhi moja ya Jumatatu alikuwa ukumbini kliniki akigawa kadi, akawaona ndugu wawili wameketi kwenye foleni, bega kwa bega, Msabah amevaa shati lililopigwa pasi. Mzee mmoja, mteja wa Mansour, akasimama kuwasalimia na kuuliza huyu mwenziwe nani.

Mansour naye akasimama. Kisha akasema, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima:

"Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Anaumwa maradhi ya akili, nimemleta hospitali. Hivi sasa anakaa kwangu."

Khairat akageuka ukutani kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Khairat hakumchukua Msabah awe mgonjwa wake, maana si vyema kumhudumia shemeji. Alimkabidhi kwa mwenzake, Amour. Jioni akapokea simu ya Mansour. Walizungumza saa mbili, na siku ya pili Mansour akaenda mwenyewe kumweleza baba yake Khairat kila kitu. Mzee Hasan aliudhika kwa uongo, si kwa maradhi. Yeye mwenyewe alimuuguza bintiye, akasema, na anayajua.

Ndoa ilingoja miezi saba. Katika muda huo Msabah alizidiwa mara moja tu, akalazwa siku kumi, akatoka.

Siku ya nikaha, Khairat alikuwa chumba cha pili na wanawake, mlango nusu wazi. Sheikh alipotaka mashahidi, Mansour akamtaja kaka yake. Mtu mmoja akanong'ona kwamba shahidi sharti awe na akili timamu. Kila mtu alisikia.

"Nnaumwa, sheikh, na dawa nnatumia," Msabah akasema taratibu. "Leo akili yangu ninayo. Niulize utakalo."

Sheikh akamuuliza nani anaoa, anamuoa nani, na bi harusi karidhia au kalazimishwa. Msabah akajibu moja moja, bila kutetereka.

"Huyu ni shahidi," sheikh akasema, akamsogezea kalamu.

Kisha Khairat akamsikia Mansour akisema amekubali kumuoa. Bi Time akapiga kigelegele kabla hata dua haijaombwa, na hakuna aliyemnyamazisha.