Binti Aliyesomea Kupanga

Ndugu na majirani zangu, sikieni jambo lililoipata nyumba moja ya hapa Eldoret, miaka ile ya chama kimoja. Linaanza kwa kicheko, lakini halichekeshi.

Jioni moja ya kiangazi, wapangaji wa Mama Rukia walikuwa wameketi uani wakinywa chai. Nelima alichambua mboga kando ya mama yake, Musimbi. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vurugu, na wanafunzi walirudishwa makwao na kuamriwa kuripoti kwa chifu kila wiki.

"Huyu msichana wako anasomea nini haswa?" Mama Rukia alimuuliza Phineas Kituyi, babake Nelima.

"Kupanga miji," Kituyi akajibu kwa fahari.

"Kupanga? Kwani hiyo nayo inasomewa? Mimi niko na wapangaji uani mzima, na hakuna mwenye alienda yunivasiti."

Watu wakacheka. Kituyi naye akacheka. "Cheka tu, Mama. Huyu ndiye atatutoa kwa huku kupanga kwako."

Kicheko hakijaisha, lango likabishwa. Alikuwa Mzee Wabwile, mzee wa mtaa na mtu wa chama. Nelima akaacha kuchambua mboga. Huyu ndiye aliyesimama kando ya chifu kila alipokwenda kuripoti, akasema, "Huyu ni mtoto mzuri, si wa fujo." Siku angeacha kusema hivyo, masomo ya Nelima yangekwisha.

"Kituyi," alisema mzee, "kuna ploti yangu kule Yamumbi. Nimekukumbuka wewe kwanza."

Kituyi, Nelima na mzee walikwenda kuiona. Ilikuwa tambarare, chini ya mteremko. Udongo ulikuwa mweusi, umepasuka nyufa za kuingiza mkono, na pembeni matete yalisimama makavu. Nelima alijua mara moja. Hiyo ilikuwa njia ya maji iliyolala usingizi wa kiangazi.

Kituyi akamgeukia. "Mimi sikusoma sana. Wewe ndiye unajua. Hapa panajengeka?"

Mzee Wabwile akatabasamu. "Sema, binti. Si ndiyo unasomea? Na wiki ijayo tutaonana kwa chifu."

Nelima aliyatazama matete. Kisha akasema, "Ni pazuri, Baba."

Ndugu zangu, msiharakishe kumlaumu. Wakati ule hata watu wazima walitazama nyuma kabla ya kufungua mdomo.

Kituyi akaitoa akiba yake yote, akainunua ploti na kuanza kujenga. Kila mstari wa matofali ulimkaa Nelima kifuani. Kilichomuumiza zaidi ni baba yake kuwaambia wapita njia, "Mwanangu msomi ndiye aliyepakagua."

"Baba, tungeinua msingi kidogo," alijaribu siku moja.

"Kwa nini tena? Si ulisema ni pazuri?"

Musimbi aliona chakula cha Nelima kikibaki sahanini. "Kuna kijana anakusumbua?" akamuuliza.

"Hapana, Mama."

"Basi kula. Huyo asiyekuwepo asikumalize."

Walihamia kabla ya mvua za masika. Manyunyu ya kwanza yalipita salama, na Nelima akaanza kujidanganya kwamba labda alikosea. Kisha ikaja mvua ya alasiri moja. Maji hayakuingia kwa mlango. Yalichipuka sakafuni, polepole, kama jasho. Selpha, mdogo wake, alikuwa na homa, amelala chumba cha nyuma.

"Tokeni nje," Nelima alisema.

"Na mvua yote hii?" Musimbi akashangaa. "Mtoto mgonjwa?"

"Baba, hapa ni njia ya maji. Nilijua siku ile."

Kituyi alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Halafu akaingia chumbani, akamfunika Selpha blanketi na kumbeba nje. Walisimama mteremkoni wakilowa. Hawakukaa sana. Ukuta wa nyuma ukainama, ukaanguka juu ya kitanda.

"Nilikuuliza," Kituyi alisema baadaye, bila kupaza sauti. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa Mzee Wabwile atanitoa chuo."

"Ungenikanyaga mguu tu, mwanangu. Ningeelewa."

Walirudi kwa Mama Rukia na matandiko yaliyolowa. Hakuwatania. Aliwapa ufunguo, akasema, "Chumba chenu hakijapata mtu."

Chuo kilipofunguliwa, Nelima alirudi masomoni. Siku hizo Kituyi akiulizwa binti yake anasomea nini, alijibu, "Anasoma tu," kisha akabadilisha mazungumzo.

Funzo tunalobaki nalo

Vijana mliobahatika kusoma, wazazi hawakuwapeleka shule ili mrudi na majibu ya kumpendeza mwenye nguvu. Ukiogopa kusema hadharani, sema nyumbani. Ukishindwa kusema, kanyaga mguu. Nasi wazazi tusimuulize mtoto swali zito huku muuzaji amesimama mbele yake. Turudi naye kwanza, tumkalishe, tumwondolee hofu, ndipo tumuulize. Selpha yuko hai kwa sababu ukweli ulifika, ingawa ulichelewa. Nyumba haikuungoja.