Makofi ya Kutosha

Kofi moja lilikuwa linachelewa.

Sikio, ndivyo walivyomwita pale studio kwa kuwa hakuna kilichompita, alirudisha rekodi nyuma akasikiliza tena. Makofi ya uwanja mzima, makavu, mazuri. Halafu, yakishakwisha, lile moja: *pa*. Kama mgeni anayeingia karamuni watu wameshanawa.

Makofi hayo aliyaleta Mkurugenzi kwenye flashi, maana yale ya zamani, kwa maneno yake, yalisikika kama ya kikao cha wazazi. Kesho mashindano yanafunguliwa, dunia nzima inatazama, na mji umeshapakwa rangi, upande ule tu unaoelekea barabarani. Waliobomolewa nyumba kupisha uwanja walikuwa wameapa kumzomea Mheshimiwa atakaposimama kuyafungua. Kazi ya Sikio ilikuwa kushusha zomeazomea na kupandisha makofi kwenye matangazo.

"Mzomeo hata mmoja ukipenya," Mkurugenzi alimwambia, "usiniulize tena habari za mdogo wako. Usipopenya, kesho jioni anakula kwenu."

Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alikamatwa na bango mkononi. Bango lenyewe lilikuwa limekosewa tahajia. Tangu siku hiyo mama humpakulia kila mlo, akaifunika sahani, akaikodolea macho.

Sikio alizima mashine.

*Pa*.

Babu Waya, fundi umeme aliyekuwa amechutama chini ya meza, alichomoza kichwa. "Binti, umezima?"

"Nimezima."

"Umezima kweli, au umezima kama serikali inavyozima moto?"

"Babu, waya huu hapa, mkononi mwangu."

*Pa*.

Mzee hakutania tena. Harufu ilikuwa imeanza kuingia, ya saruji mbichi na ya damu iliyokaa mdomoni.

"Haya yamerekodiwa chumba kisicho na dirisha," Sikio alinong'ona. "Na hayagongani, Babu. Viganja viwili hugongana. Haya yanatua."

"Yanatua kwenye nini?"

Sikio aligusa shavu lake.

"Chumba kinachopigiwa watu hakikosi kuhamiwa," alisema Babu Waya. "Jini akikikuta kimeshalainishwa hivyo, anaweka makao. Usilipandishe hilo, mwanangu."

"Kupandisha ndiyo kazi yangu."

Lile kofi likatoka kwenye spika likahamia ukutani, likatoka ukutani likapanda darini, likashuka polepole kwenye kitasa cha mlango kana kwamba linajaribu kama kimefungwa, kisha likaja likasimama nyuma ya shingo yake, karibu kiasi kwamba alihisi joto la kiganja kabla hakijapiga, na sauti kama ya watu wengi waliolazimishwa kusema kwa pamoja ikamwambia sikioni:

"Nipandishe. Wageni wamefika, na mwenyeji ni mimi."

Babu Waya aliacha bisibisi zake sakafuni. Hakurudi kuzichukua.

Kesho yake alasiri Mheshimiwa alisimama, na uwanja ukamzomea. Zomeazomea ilianzia viti vya bei rahisi, ikazunguka, ikafika mpaka kwa waliolipwa kushangilia. Sikio aliweka kidole kwenye kitufe akapandisha makofi. Chini ya makofi hayo, kati ya kofi na kofi, mtu aliita.

"Dada."

Alimlea mwenye sauti ile. Aliisikia ikimvunjika akiwa na miaka kumi na minne, akamcheka.

"Dada, nimewaambia siwajui. Dada, mimi…"

"Mzomeo unapenya!" Mkurugenzi alifoka nyuma yake. "Pandisha!"

Akishusha, dunia itasikia, na mdogo wake harudi. Akipandisha, anamfunika kwa mkono wake mwenyewe. Sikio akapandisha. Akapandisha mpaka kitufe kikagota, na kule ng'ambo wageni wakasikia taifa lenye furaha.

"Umeona?" Mkurugenzi alimpigapiga begani. "Niliagiza makofi ya kutosha, na vijana wa kule chini mahabusu hawakuuliza ya aina gani!" Alicheka hadi akafuta machozi.

Ahadi ilitimizwa, kwa hilo asisingiziwe mtu. Jioni gari lilimteremsha kijana mlangoni, mashavu yamevimba, amevalishwa fulana mpya ya mashindano. Mama alimketisha mezani, akafunua sahani.

"Mwanangu, kula. Basi sema hata neno moja."

Kijana alifungua mdomo.

Uwanja mzima ukapiga makofi. Yalitoka kooni mwake, makavu, mazuri, sahani ikatetemeka mezani, na midomo yake haikucheza hata kidogo, ila macho tu yaliyomtazama dada yake kama mtu anayetazama juu kutoka ndani ya kisima. Na yalipokwisha, lile la kuchelewa likafika. Kichwa cha mama kikageukia ukutani. Vidole vitano vikajichora shavuni pake, vyekundu.

Kijana akavuta pumzi, akafungua mdomo tena.

"Punguza, mwanangu," mama alinong'ona, jicho kwa Sikio. "Si wewe ndiye fundi?"