Kikombe cha Tatu

Jumapili ile ilianza vizuri tu. Nilikula supu ya matango chachu kwenye kantini ya jumba letu la maigizo, nikaongeza sahani ya pili, mama wa kantini akaniambia nitapasuka. Nikamjibu, tumbo langu mimi Gniewko halipasuki, linapasua. Nje kulikuwa na jua la Juni na watu walikuwa wanatembeza mbwa kando ya mto Warta. Hata ungeambiwa yatakayofuata, usingeamini.

Mimi ndiye mwenye meza ya vifaa vya jukwaani. Shule niliiacha mapema, nadhani hadi leo inanililia. Lakini waulize wale waigizaji wenye mashahada: bila mimi, mfalme anaingia jukwaani kupigana vita kwa kidole. Jumba lenyewe ni jipya, kioo kuanzia chini hadi paa, taa zinawashwa kwa kompyuta. Ila michezo yetu ni ya kale tu: wafalme, malkia, sumu, mapanga. Watu wanakuja wanalia, sisi tunapata mkate.

Sasa sikilizeni desturi yetu, nyie mnaojifanya mmeona yote. Onyesho la mwisho la mchezo wowote tunaliita la kijani. Siku hiyo waigizaji wanachokozana palepale jukwaani, na watazamaji hawatakiwi kujua. Mmoja anaitia gundi kofia ya mwenzake, mwingine anachora upuuzi kwenye barua ya mfalme. Atakayecheka ameumbuka. Raha tupu.

Lakini kabla sijaajiriwa, mzaha wa onyesho la kijani uliua mtu. Mama Bożenna Ryglewska, aliyecheza malkia, alikuwa na pumu. Seweryn, mfalme wetu mwenye kidevu cha kuchongwa, akamtilia siki kwenye kikombe, pamoja na ule mzizi mkali tunaokula na soseji za Pasaka. Mama wa watu akanywa. Akakohoa mara mbili, akakaa kwenye kiti cha enzi, hakuinuka tena. Watazamaji wakadhani anaigiza. Walimpigia makofi mpaka akakata roho.

Seweryn akakiosha kikombe mwenyewe. Mkurugenzi wetu, Teofil, alimwona kwa macho yake, halafu akawatangazia watu, "Moyo umesimama. Basi." Dada yangu Kalina, ambaye siku hizo alicheza kijakazi, naye aliona. Akasema. Lakini nani amsikilize kijakazi?

Mchezo uleule ukaja kurudishwa jukwaani. Mfalme, Seweryn yuleyule. Malkia, safari hii, Kalina. Na kifua cha Kalina, kama cha marehemu mama yetu, ni cha pumu.

Jumapili ile ndiyo ilikuwa ya kijani.

Seweryn alinikuta mezani, ananukia marashi.

"Dogo, leo dada yako namchekesha mpaka taji lidondoke."

"Kamchekeshe mkeo."

"He! Mzaha tu, mbona mkali?"

"Gusa kikombe chake uone. Hicho kidevu utaenda kukiokota viti vya mbele."

Akacheka, akanivuruga nywele kama mtoto, akaondoka. Nikaapa sitabandua macho pale mezani.

Meza yangu haina longolongo. Kila kitu kina mahali pake, pamezungushiwa utepe mweupe. Vikombe vya shaba viwili: cha mfalme na cha malkia. Juisi ya cheri niliimimina mwenyewe, nikaionja mwenyewe. Nikageuka kuchukua upanga. Nikageuka tena.

Vikombe vilikuwa vitatu.

Cha tatu kimejaa pomoni. Kinanuka siki.

Nikajua ni ujinga wa Seweryn. Nikakimwaga kwenye sinki, nikakitupa kwenye pipa la taka, nikarudi huku namtukana ukoo mzima. Kikombe kilikuwa mezani. Kimejaa. Ukingoni kulikuwa na alama ya midomo, rangi ya tofali.

Kalina akatokea, kavaa gauni la malkia, lilelile la mama Bożenna. Alikitazama kikombe kama mtu anayempokea jamaa yake stesheni.

"Usikiguse," akanong'ona.

"Cha nani?"

"Kina mwenyewe."

"Dada, usiingie. Yule atakuua."

"Nipige goti, mdogo wangu. Nimechelewa."

Hiyo nayo ni desturi. Kabla ya kuingia, mwenzako anakupiga goti la makalioni kukutakia heri. Wewe unanyamaza. Hushukuru hata siku moja. Ukishukuru, kilichokusindikiza kinabaki. Nikampiga goti. Akanyamaza, akaingia kwenye mwanga.

Nilipotazama meza, cha tatu hakikuwepo.

Nikasimama nyuma ya pazia jeusi. Mfalme na malkia wakainua vikombe. Seweryn akalizungusha joho lake, na chini yake nikaona kichupa. Tone. Tone jingine. Ndani ya kikombe cha dada yangu.

Nikaruka.

Sikufika popote. Kitu kilinishika ukosi. Mimi, ninayebeba kochi peke yangu! Vidole vya baridi. Harufu ya poda ya zamani.

"Tulia, mwanangu," sauti ya mwanamke ikaniambia sikioni.

Sikugeuka. Nyie mngegeuka?

Kwenye kiti cha enzi hakukuwa na mtu. Mtu akakohoa hapo. Mara mbili.

Seweryn alisikia. Kile kidevu kikageukia kiti. Kalina akashusha kikombe chake, hajanywa. Mkono wa Seweryn ukapanda na kikombe chake. Mkono wake mwenyewe. Macho yalikataa, mkono ukapanda. Akanywa. Akaendelea kunywa. Kikombe hakikuisha. Juisi ilimtoka puani, ikamlowesha kola, na bado koo lilikuwa linameza. Watazamaji wakacheka. Wakasimama.

Makofi kama yale sijapata kuyasikia tena.

Seweryn akaangukia kile kiti. Kalina akasogea karibu, akainama, lakini hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya kiti.

"Asante, mama Bożenna," akasema.

Vidole vikaniachia. Nikashika kichwa. Kalina! Hushukuru!

Seweryn hakufa. Afadhali angekufa. Yuko kwa dada yake mjini Gniezno, analishwa uji kwa kijiko. Nilikwenda kumtembelea, na sijifichi: nilikwenda kumcheka. Akafungua mdomo anisalimie. Kikatoka kikohozi cha mwanamke. Nikasahau kucheka.

Madaktari hawakumkuta na sumu wala siki. Na kikombe alichokinywea nilikiokota mimi jukwaani. Kilikuwa kimejaa juisi yangu hadi ukingoni.

Kalina amerudi kulala usingizi mzuri. Mimi ndiye ninayefungua chumba cha vifaa. Kwenye meza yangu kuna duara la tatu la utepe mweupe, na sikulibandika mimi. Nalibandua, nikirudi nalikuta.

Juzi mkurugenzi Teofil, yule wa "moyo umesimama", alipita.

"Gniewko, mbona hapa pananuka siki?"

Kabla sijamjibu, akakohoa. Mara mbili. Nilikuwa na mzaha mzuri wa kumtania, uko hapa ulimini. Nikatazama lile duara.

Ndani yake, mbao ilikuwa imelowa.