Mkaa Uliolowa

Kila Jumatano akitoka shule, Kipilipili alipita nyumbani kuacha vitabu, akamwamkia mama yake aliyeinamia cherehani, kisha akachukua mkebe wa mkaa na kwenda kanisani kwenye mazoezi ya watumishi wa altare. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na bado alitumia pasi ya mkaa, kwa hiyo gunia halikukosekana pembeni mwa mlango. Mkaa wa kuchomea ubani kanisani ulitoka katika gunia hilo.

Kazi ya kuuchagua mkaa huo aliianzisha kaka yake. Alikuwa akiketi kizingitini, anachukua makaa mawili madogo na kuyagonganisha karibu na sikio. Yaliyolia kama glasi aliyatia kwenye mkebe. Yaliyotoa sauti ya kufa aliyarudisha kwenye gunia. "Haya laini yanatema cheche," alimwambia mdogo wake. "Utamchoma Padri kanzu, halafu useme ni mimi." Yeye ndiye aliyempa jina la Kipilipili, kwa sababu alikuwa mdogo, mwekundu wa macho akikasirika, na hakusahau alichofanyiwa.

Kaka alifariki mwaka uliopita, kwa homa iliyoanza kama mzaha. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba chetezo, chombo cha kuchomea ubani. Wengine walipokibeba, minyororo ilipiga kelele kama ndoo kisimani. Alipokibeba yeye, ulisikia tu hatua zake. Tangu siku ya mazishi, Kipilipili alikuwa na ombi moja: siku ya kumwombea kaka, chetezo akibebe yeye. Katekista, mwalimu wao wa dini, alikuwa ameitikia kwa kichwa, naye akakihesabu kichwa kile kuwa ahadi.

Siku ya kumwombea ilikuwa Jumamosi ile. Parokia nzima ingepanda kwa miguu hadi kwenye kikanisa cha kilimani, kuwaombea waliofariki.

"Msalaba, wewe," katekista alisema kwenye mazoezi ya Jumatano, akinyoosha kidole. "Mishumaa, nyinyi wawili. Chetezo, Tarumbeta."

Watoto wote waligeuka kumtazama Kipilipili. Tarumbeta, rafiki yake tangu darasa la kwanza, msichana ambaye hata akinong'ona mtaa wa pili wanasikia, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na mimi, Mwalimu?" Kipilipili aliuliza.

"Wewe utakaa na mama yako. Nimeshaamua."

Kwa kawaida, baada ya mazoezi, marafiki hao wawili walikwenda hadi darajani, wakanunua barafu moja ya rangi na kuilamba kwa zamu wakihesabu magari mekundu. Siku hiyo Kipilipili alitoka peke yake. Tarumbeta akamkimbilia.

"Ngoja basi! We, ngoja! Sikukiomba mimi."

"Kilikudondokea mkononi kama embe?"

"Nenda kamuulize mama yako."

"Mama yangu usimtaje mdomoni mwako," Kipilipili alisema. "Hongera, mbeba chetezo. Shika vizuri, kisikudondoke."

Akaenda zake. Na hakumuuliza mama. Aliingia ndani, akamkuta anaipiga pasi kanzu ya Tarumbeta, anaikunjua pindo polepole kama anayemvisha mtoto mchanga, na hasira ikamkaba. Hata mama! Hata mama alikuwa upande wa yule msaliti!

Ijumaa mama alipokwenda kupeleka nguo za wateja, Kipilipili alifungua gunia. Alichagua makaa mabaya kuliko yote, yale laini yasiyolia. Akayatia kwenye beseni la maji, akayakandamiza kwa kiganja hadi mapovu yakaisha. Kisha akayaanika juu ya bati mpaka nje yakakauka na kuwa meusi safi, huku ndani yamejaa maji. Mtu yeyote angeyaona mazuri. Akayapanga kwenye mkebe, akafunga, akaupeleka kanisani kwa ajili ya kesho.

Alijua kitakachotokea. Makaa yatatema, yatafuka kidogo, yatazima. Tarumbeta atapuliza hadi mashavu yavimbe, na shule nzima itaona. Alipolala alijiona yuko pale, anamtazama, na akatabasamu kwenye mto. Alipoanza kusali Baba Yetu, alifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, akafumba mdomo, akaruka hadi mbele.

Jumamosi walipanda mlima kukiwa bado na ubaridi. Watu walikwenda wakiimba, wazee wakipumzika kwenye kila kona na kusema kwamba zamani mlima huu ulikuwa mfupi. Kipilipili alimshika mama mkono. Mbele, Tarumbeta alibeba chetezo kwa mikono miwili, akitembea kwa tahadhari ili minyororo isigongane. Aligeuka mara kwa mara. Kipilipili akajifanya anatazama ndege.

Kikanisa kilikuwa na mabenchi machache, ukuta wa chokaa, na dirisha moja refu nyuma ya altare. Watoto walijaa mlangoni. Misa ikaenda vizuri hadi wakati wa kuwataja marehemu. Kwa kila jina, Padri alipaswa kutia ubani, moshi upande, na watu waitikie.

Tarumbeta alikuwa pembeni akiwasha kiberiti. Kaa likatema: *pwa!* Cheche ikamrukia kidole. Akakinyonya haraka, akawasha tena. Moshi mwembamba ukatoka, ukafa. Padri akasubiri. Kanisa likasubiri.

"Puliza, Tarumbeta, puliza!" mtoto mmoja alinong'ona mlangoni, na wenzake wakaziba midomo.

"Leo tarumbeta limeziba!" mwingine akasema, na kicheko kikapita kama upepo kwenye mahindi.

Tarumbeta alipuliza. Jivu likamrukia usoni. Machozi yakachora mistari miwili mashavuni, lakini hakukiacha chetezo. Akawasha tena kiberiti, na tena kaa likamtemea.

Kipilipili aliona yote aliyoyataka. Moyo ulimruka kwa furaha. *Bado,* alisema kimoyomoyo. *Bado kidogo. Onja.*

Ndipo mama akamwegemea.

"Masikini mtoto wa watu," alinong'ona. "Mimi ndiye niliyemtia katika hili."

"Wewe, mama?"

"Nilimwendea katekista, nikamwomba akuache ukae nami. Sikuweza, mwanangu. Sikuweza kukaa kwenye benchi hili jina la kaka yako likitajwa, na wewe uko kule altareni. Yule rafiki yako alikataa kabisa. Alisema, 'Mama, hicho ni cha Kipilipili.' Nikambembeleza. Nikamwambia asikwambie, nitakwambia mwenyewe. Kila nikitaka kusema, mdomo unakuwa mzito."

Kipilipili alimtazama mama. Mama hakuwa anamtazama Tarumbeta tena. Alikuwa anatazama mahali ambapo moshi ulipaswa kuwa.

"Watasoma jina lake bila ubani," mama alisema. "Yeye aliyekuwa anauchoma kwa ajili ya wote."

Kipilipili akasimama. Alipita kati ya magoti ya watu, akawasukuma wacheshi wa mlangoni, akazunguka nyuma ya kikanisa. Huko mama mmoja mnene mwenye kitambaa kichwani alikuwa anachemsha chai ya mahujaji kwenye jiko kubwa.

"Shikamoo, mama! Naomba makaa ya moto!"

"Marahaba. Makaa tena? Chai yangu ichemke kwa baraka?"

"Ya chetezo, mama. Tafadhali. Wananisubiri kaka yangu."

Yule mama hakuelewa maneno, lakini alielewa uso. Akachota makaa mekundu kwa sepetu ndogo. "Haya, shika mpini. Na Mungu ajue yametoka jikoni kwangu."

Kipilipili alirudi akitembea haraka, sepetu mbele yake, watu wakimpisha. Alipiga goti kando ya Tarumbeta. Tarumbeta akamwaga makaa meusi na kukinga chetezo, naye akayatia yale mekundu. Padri akatia ubani. Moshi ukainuka mweupe, mnene, na jina la kaka likatajwa. Mama akaitikia kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Kipilipili angeweza kukaa kimya. Katekista tayari alikuwa anampigapiga begani, "Umetuokoa, binti." Lakini baada ya misa, nyuma ya kikanisa, Tarumbeta alikuwa ametumbukiza kidole chake kwenye kikombe cha maji, na kidole kilikuwa na lengelenge.

"Mwalimu," Kipilipili alisema, "mkaa niliulowesha mimi. Makusudi. Nilitaka aaibike."

Tarumbeta alitoa kidole kwenye maji. Sauti yake ikasikika hadi mlangoni.

"Wewe! Mimi nakutetea, nakataa, nabembelezwa, halafu wewe unaniloweshea mkaa? Ngoja! Jumatatu nitaliambia darasa zima ulivyolia siku ile chooni! Nitawaambia unavyolala na shati la kaka yako! Utaona!"

"Basi!" katekista alisema. "Huyu kalowesha mkaa. Wewe nawe unataka kulowesha nini? Shati la marehemu?"

Tarumbeta akajitazama kidole, akaona aibu.

"Wewe, Kipilipili," katekista aliendelea, "hutahudumu altareni mpaka nitakapokuita. Utafagia kanisa, na utamwomba radhi mwenzako mbele ya waliomcheka."

"Sawa, Mwalimu."

Akaomba radhi pale pale, mbele ya wale wa mlangoni. Wacheshi wale wakatazama juu, chini, kila mahali. Tarumbeta alisikiliza hadi mwisho.

"Nitakusamehe," alisema. "Lakini kesho, Jumapili. Leo niache nikasirike kidogo, kinauma."

Waliposhuka mlimani, mama alitembea na Kipilipili nyuma ya wengine. Katekista alikuwa amemweleza yote. Kipilipili alisubiri kofi, na alilitaka. Halikuja.

"Kosa la kwanza ni langu," mama alisema. "Ningekwambia, tusingefika hapa. Lakini sikiliza. Kisasi hakina macho, mwanangu. Ulimlenga rafiki yako. Angalia kilivyotupata wote: yeye kidole, mimi moyo, na kaka yako karibu akose ubani wake. Na wala hapakuwa na aliyekusudia kukuumiza."

"Nilidhani kaninyang'anya."

"Ndiyo maana watu huuliza. Uliza kwanza. Uliza hata kama una hasira, uliza kwa meno yaliyokazwa, lakini uliza. Mara nyingi ukishauliza, hutakuta cha kulipiza."

"Na nikikikuta, mama?"

"Ukikikuta, mwambie mkubwa, na mwambie Mungu. Yeye anajua kupima. Wewe na mimi tukikasirika, tunamwaga tu."

Mbele yao Tarumbeta alikuwa anashuka peke yake, mkono mmoja umeinuliwa ili kidole kipate upepo. Kipilipili akaachia mkono wa mama na kumfuata. Hakumfikia. Alitembea hatua chache nyuma yake, kwa sababu Jumapili ilikuwa bado.