Nyasi za Daftarini

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Chiriku alikuwa na kazi yake. Aliosha vikombe, akawamwagia kuku pumba, kisha akachukua ufito wenye alama za sentimita pamoja na daftari la jalada la bluu, akaenda kwenye shamba la nyasi nyuma ya nyumba. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu ya domo lake. Binti huyo wa miaka kumi na miwili aliweza kuongea tangu kuamka hadi kulala bila kumeza mate.

Shamba lile lilikuwa katika mpango wa kuhifadhi nyanda za nyasi, na halikuingia hivi hivi. Afisa wa malisho alikuja mara tatu kuhakikisha kwamba halijalimwa kwa miaka kumi, kwamba hakuna nyumba wala shimo la mchanga ndani yake, na kwamba baba na mama wote wawili wametia sahihi. Ndipo mpango ukawachimbia kisima na kuwafungia pampu. Masharti yalibandikwa ukutani jikoni: wasichome moto, wasilime, wala wasiingize ng'ombe mpaka nyasi zifike wastani wa sentimita thelathini. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuzipima. Kila baada ya hatua ishirini alisimamisha ufito, akasoma, akaandika, mpaka atimize mahali kumi.

Basi Jumamosi tatu zilizopita, alipofika mahali pa tatu, alikanyaga gamba la nyoka lililovuliwa, refu kuliko mkono wa baba. Alitimua mbio, daftari huku, kandambili kule. Tangu siku hiyo hakuthubutu kuingia tena. Alisimama langoni, akatazama nyasi za pale, zilizonenepa kwa maji yanayomwagika kutoka birika la ng'ombe, na namba nyingine akazitoa kichwani. Aliandika ishirini na mbili, kisha ishirini na tano, kisha ishirini na nane. Nyasi si zinakua, alijiambia, kuna ubaya gani kuzitangulia kidogo?

Leo aliandika thelathini na moja bila kufikiri.

"Thelathini na moja!" baba alipaza sauti mezani. Alikuwa fundi baiskeli, ashindaye karakanani juma zima, na habari za shamba alizipata daftarini tu. "Mama Chiriku, njoo uone! Afisa anapita saa nne. Akifika tu, tunafungua lango. Ng'ombe wamechoka kula mabua."

Chiriku aliweka kikombe chini. Aliyakumbuka yaliyompata jirani yao, fundi cherehani, mwaka uliopita. Aliingiza ng'ombe kabla ya wakati. Watu wa mpango walikuja na gari wakang'oa pampu yake, na jina lake likafutwa kwa miaka mitano. Binti yake alikaa dawati moja na Chiriku. Siku hizi alichelewa shule kila asubuhi kwa kuchota maji, sketi imelowa tope la bwawani.

"Chiriku, mbona kimya?" mama aliuliza. "Domo umeliazimisha nani leo?"

"Si kitu, mama."

Alitoka akajibanza nyuma ya banda la kuku. Akisema, baba atamfanyaje? Asiposema, je? Aliomba pikipiki ya afisa ipate pancha njiani, kisha akakumbuka kwamba hata ikipata pancha, wa kuiziba ni baba yake. Saa nne haikuchelewa hata dakika. Mlio wa pikipiki ulisikika barabarani.

Afisa alivua kofia yake ngumu, wakasalimiana. Ng'ombe watatu walikuwa wamekwisha kusogea langoni, wananusa. Baba alishika mnyororo, akafungua mzunguko wa kwanza. Akafungua wa pili. Ulibaki mmoja.

"Baba, usifungue!"

Watu wazima wote wakageuka. Chiriku alikuwa ametoka nyuma ya banda, anawajia mbio.

"Namba ni za uongo," alisema huku analia. "Sikuingia ndani. Niliona gamba la nyoka, nikaogopa. Nimeandika tu."

"Unasema nini wewe?" Baba alikunja uso. Mkono wake ulibaki kwenye mnyororo. Kisha, polepole, akaurudisha mzunguko wa pili, na wa kwanza.

"Tupime," afisa alisema.

Waliingia kwa mlango mdogo wa pembeni. Chiriku alishika shati la baba kwa nguvu, akikodolea macho kila kichaka. Walipozipita nyasi za langoni, kijani kilikwisha. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima, na kule katikati nyasi zilikuwa fupi, ncha zimekauka. Mahali pa tatu gamba lilikuwa pale pale, limevunjikavunjika. Walipomaliza mahali pa kumi, wastani ulikuwa kumi na tisa.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Mama alishindwa kuvumilia.

"Bwana afisa, pampu yetu..."

"Sharti la sita linasema kosa la vipimo likitajwa kabla ng'ombe hawajaingia, linasahihishwa," afisa alijibu. "Wakishaingia, mmevunja mkataba. Leo mmeokolewa na mzunguko mmoja wa mnyororo, mama. Na huyu binti."

Mama aliketi chini palepale kwenye nyasi, akashusha pumzi. Chiriku naye alilia upya, safari hii kwa nafuu.

Afisa alipoondoka, baba alimwita Chiriku karakanani. Alijua kinachokuja, akaenda akiburuta miguu. Lakini baba alivuta tu mabuti yake ya mpira chini ya benchi, akayaweka mbele yake.

"Nyoka hata mimi namwogopa," alisema. "Ungeniambia siku ile ile, ningekupa haya, na tungeingia wote. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako ilikuwa inaishia langoni kwetu. Mimi silioni shamba juma zima. Nakuamini wewe unionee. Ukiogopa, sema. Usiniandikie uongo." Alimtazama. "Na mabua ya ng'ombe, mpaka mvua inyeshe, utayabeba wewe."

Jumamosi iliyofuata Chiriku aliingia shambani na mabuti yanayomfika magotini, akikanyaga kwa kishindo na kuongea peke yake kwa sauti ili nyoka wote wahame. Alipima mahali pote kumi. Mezani, baba alifungua daftari.

"Kumi na tisa tena?"

"Kumi na tisa tena, baba."

"Haya," baba alisema, akasogeza chai yake. "Tungoje mvua."