Gunia la Bibi Mwaija

"Mjomba, hii ni nini?"

Mwantumu alikuwa amesimama katikati ya bustani ya kijiji, mkononi kashika shina la mchicha lililokauka kama tumbaku. Sauti yake ilifika mpaka kituo cha basi cha Mkata.

Mzee Sadala alikuwa anashusha matenga ya samadi mgongoni kwa punda. Akalitazama lile shina. "Mchicha," akajibu.

"Ulikuwa mchicha! Juzi ndiyo ulikuwa mchicha. Leo matuta kumi na mawili yote yameungua. Umeniletea samadi mbichi, Mjomba. Sema tu."

"Samadi mbichi? Mimi?"

"Samadi mbichi inaunguza, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Umechoka kungoja miezi mitatu ipoe, ukachota ya jana kwenye boma la Wamasai ukaja kunimwagia! Mvivu ni mvivu tu, hata akiwa na mvi."

Lo! Wanawake ishirini wa darasa la kisomo walikuwa pale na ndoo zao. Mjomba mtu, aliyemlea tangu babake alipofariki, kuitwa mvivu mbele za watu! Mwantumu mwenyewe alisikia neno limeshatoka, na lilikuwa limeshachelewa kurudi.

Mzee Sadala akayapandisha matenga kwa punda, yakiwa bado yamejaa.

"Haya, nimesikia," akasema taratibu. "Tangu leo samadi yako kachote mwenyewe. Na hii hapa..." Akagusa mfuko wa shati. "Hii barua ya posa ya watu wako wa Korogwe, ambayo wanangoja niijibu. Itakaa humu humu. Siwezi kumwoza mtu binti anayenitukana hadharani. Watasema nimewauzia pilipili."

Akaondoka na punda wake.

Sasa mtu asidhani Mwantumu alikuwa kichaa wa mboga. Kijiji kilikuwa na miaka miwili tu tangu watu wahamishiwe pale, na zahanati ilikuwa imejaa watoto wenye matumbo makubwa na nywele nyekundu. Ugali wa bada, unga wa muhogo, asubuhi, ugali wa bada jioni. Mwantumu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, ndiye aliyeomba kile kipande cha ardhi karibu na kisima. Wanawake walilima pamoja. Alhamisi mboga zilikwenda kupikiwa watoto zahanati, zilizobaki zikauzwa kwa wasafiri wa mabasi. Na chini ya kibanda cha bustani akina mama walijifunza kusoma kwa vibao vya matuta: MNAVU, BILINGANYA, MCHICHA.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa haipendi bustani ile. Alitaka ardhi ile ilimwe pamba. Jumamosi ya wiki ile kamati ilikuwa inakuja kukagua, na kama bustani ingeonekana imeshindwa, basi imekwisha. Na ndiyo wiki hiyo hiyo matuta yakaungua! Mwambie nani?

Jumatano Semboja akarudi kutoka Korogwe na baiskeli yake. Huyu ndiye aliyeleta posa. Alikuwa bwana shamba, Msambaa wa Soni, mama yake akiishi Masuguru pale Korogwe; kijana mtaratibu, soksi nyeupe hata kwenye tope. Miezi minane alikuwa akimletea Mwantumu chaki kutoka mjini, na kila akileta chaki alikuwa akileta na neno.

"Pole, mpenzi," akasema, akiyatazama matuta.

"Pole haisaidii. Wewe ndiye mtaalamu. Niambie kimetokea nini."

"Labda wadudu."

"Wadudu gani wanaounguza, Semboja? Wana viberiti?"

Semboja akaziangalia soksi zake. "Basi labda samadi. Ilikuwa bado mbichi."

"Ndivyo nilivyomwambia Mjomba. Nimemwita mvivu mbele ya watu wote."

"Ee. Basi ndiyo hivyo," akasema Semboja, na akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na tatizo lolote. "Ungenikubalia tangu mwanzo tuweke mbolea ya chumvichumvi, leo matuta yangekuwa kijani tupu."

"Usinianze! Nimekwambia mara ngapi? Hii ni bustani ya kufundishia. Mama Mwanaidi pale atapata wapi chumvichumvi? Nataka kila mama ajue kuotesha kwa kilichoko nyuma ya nyumba yake, mtoto ale, basi. Ukiondoka wewe na magunia yako, wao wabaki na nini?"

"Haya, mama. Nimenyamaza."

Alinyamaza kweli. Mwantumu hakuupenda ule unyamavu, ila alikuwa na hasira nyingi mno, asiweze kushika kila kitu kwa mara moja.

Alhamisi zahanati walikula ugali mkavu. Jioni darasani, kabla hata ya kufuta ubao, Bibi Mwaija akanyoosha kidole. Alikuwa mkubwa kuliko wote, ana wajukuu tisa, na alikuwa bado anapambana na silabi.

"Mwalimu, nina swali. Umetia mkono?"

"Mkono wapi, Bibi?"

"Kwenye lundo la samadi ya Sadala, lililobaki hapo nje. Wewe si ndiye uliyetufundisha? Tia mkono mpaka kiwiko. Ukisikia joto, ngoja. Ukisikia baridi, mwaga. Je, wewe ulitia kabla ya kumtukana mjombako?"

Mwantumu akamtazama. Akatoka kibandani, darasa zima nyuma yake, Semboja naye, aliyekuwa amekuja na paketi ya chaki. Akapiga magoti kwenye lundo na kuzamisha mkono mpaka kiwiko.

Baridi. Udongo mweusi, laini, hauna hata harufu.

"Ya Allah," akasema. "Mjomba wangu."

Alitamani lundo lile limmeze. Miaka miwili anafundisha watu watie mkono, na siku yenyewe ilipofika akatia mdomo.

"Sasa kama si samadi, ni nini?" akauliza Mama Mwanaidi.

"Turudi darasani kwanza," akasema Semboja haraka. "Giza linakaribia. Leo mnasoma nini?"

"Leo kila mtu alete kitu chenye maandishi kutoka nyumbani," akasema Bibi Mwaija. "Ndiyo kazi tuliyopewa. Mimi nimeleta changu."

Akakunjua gunia. Alikuwa akianikia makopa ya muhogo, na bado lilikuwa na vumbi jeupe la muhogo upande mmoja.

"Bibi, hilo halina maandishi," akasema Semboja.

"Lilikuwa limegeuzwa ndani nje, mwanangu. Nililifua, nikaligeuza, ndipo nikaanikia. Maandishi yako huku." Akaweka kidole kwenye herufi kubwa za bluu. Jasho likamtoka. "Mbo..."

"Bibi, labda tuanze na kitu chepesi," akasema Semboja.

"Mwache asome!" Mwantumu akafoka.

"Mbo. Le. A." Bibi Mwaija akarudia tena, safari hii kwa mkupuo mmoja. "Mbolea. Mbolea! Jamani nimesoma! Nimesoma mwenyewe!"

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Watu wakamkumbatia, Mama Mwanaidi akamvisha kanga mabegani. Mwantumu peke yake hakupiga kigelegele.

"Bibi," akasema, "gunia hili umepewa na nani?"

"Bwana Shamba. Jumatatu. Nikamwombea na dua."

Vigelegele vikakatika. Mwantumu akamgeukia Semboja.

"Ulimpa Bibi Mwaija kwa sababu ulijua hajui kusoma."

"Mwantumu..."

"Chaki ulileta wewe! Miezi minane unaleta chaki, ulidhani tunaila?"

"Nisikilize. Kamati inakuja Jumamosi, mboga zilikuwa nyembamba, nikaogopa watakunyang'anya. Jumatatu mchana mlikuwa hampo, nikamwaga chumvichumvi kidogo kila tuta. Nilijua jioni mtamwagilia maji kama kawaida, itayeyuka, hakuna atakayejua. Mimi nikapanda basi la Korogwe."

"Jumatatu jioni tulikuwa msibani. Kijiji kizima. Matuta hayakupata hata tone."

"Nimejua nilipokuwa nimesharudi."

"Ungekuwa umesema, hata jirani mmoja angemwagilia!"

"Ningesema, ungejua nimeweka."

"Ya Rabi, nipe subira." Mwantumu akajishika kichwa. "Chumvichumvi ningekusamehe. Ujinga ni ujinga. Lakini jana ulisimama pale nikakwambia nimemtukana mjomba wangu, ukasema ndiyo hivyo. Ukaniacha nibaki na dhambi yako!"

"Niliogopa kukukosa."

"Basi umenikosa vizuri."

Akatoka kwenda kwa mjomba wake. Nyuma yake akasikia baiskeli ikisukumwa.

"Usinifuate!"

"Sikufuati wewe. Naenda kwa Mzee."

Mzee Sadala alikuwa uani akimkatia punda majani. Mwantumu akapiga magoti palepale kwenye majani.

"Shikamoo, Mjomba."

Punda akatafuna.

"Mjomba, nimetia mkono. Samadi yako ni baridi. Mimi ndiye mvivu, nimeona uvivu hata kuangalia. Nisamehe. Hata usiponioza mtu, nisamehe."

"Marahaba," akasema mzee hatimaye. Akainua macho. "Na huyu naye analilia nini?"

Semboja alikuwa amepiga magoti pembeni, soksi nyeupe kwenye mavi ya punda.

"Niliyeunguza ni mimi, Mzee. Chumvichumvi. Nikanyamaza ukatukanwa wewe. Jumamosi nitasema mbele ya kamati. Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

Mzee Sadala akacheka mpaka akakohoa. "Bwana shamba mzima! Umesomeshwa na serikali!"

Mwantumu hakucheka. Alikuwa bado ana hasira.

Jumamosi Semboja alisimama mbele ya kamati na kusema yote. Mwenyekiti alikuwa ameshakuja na mbegu ya pamba, sura imemshuka. Bibi Mwaija akatandika gunia mezani akalisoma tena, bila kuombwa, mara tatu. Kamati ikaamua: kina mama wapande upya, ikaguliwe baada ya miezi mitatu.

Jumatatu yake Korogwe wakapokea jibu la posa. Mzee Sadala alitamka, Bibi Mwaija akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, karatasi mbili nzima:

"KIJANA WENU TUMEMWONA. SI MWIZI, NI MJINGA, NA UJINGA TUNAUFUTA HUKU KWETU. AJE ACHOTE SAMADI NA PUNDA WANGU MIEZI MITATU. ASIPOKIMBIA, NDOA IPO, KAMA BINTI ATATAKA. MWANDISHI NI MIMI MWAIJA."

Hakukimbia. Kila jioni baada ya kazi zake alikwenda bomani, akarudi ananuka mpaka mbwa wanamfuata. Mwantumu alimsalimia kwa heshima na kumpita. Wiki ya tano alimwachia maji ya kunawa. Wiki ya nane alimwachia na sabuni. Mara mbili alimkuta anajipigia filimbi akigeuza lundo, akakasirika zaidi kwa sababu alijikuta anatabasamu.

Mchicha uliota. Mnavu uliota. Kamati ilikuja ikala, na Mwenyekiti akaondoka na fungu la bilinganya.

Siku hiyo Mwantumu akaenda kwenye lundo la Semboja. Semboja akasimama kando, mikono nyuma, kama mtu anayengoja hukumu. Mwantumu akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono mpaka kiwiko.

"Je?" Semboja akauliza.

"Imepoa."

"Alhamdulillah. Na wewe?"

Mwantumu akautoa mkono, akaufuta taratibu kwenye shati lake Semboja, kifuani, shati la sikukuu.

"Mimi bado. Nina hasira za mwaka mzima," akasema. "Mwambie mama yako ajiandae, ndoa ni Ijumaa. Zilizobaki nitakuja kuzimalizia nyumbani kwako."