Masta Aliyemzuia Mwanangu Kila Ijumaa

"Panda gari la mjomba wako, nenda nyumbani!"

Nilimwambia mwanangu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, mbele ya mkuu wa shule.

Muda si mrefu nilikuwa barabarani, peku, nalia, nalikimbiza gari hilo hilo...

Jamani wamama, someni mpaka mwisho. Mimi niliishia darasa la nane, nauza mihogo soko la Labasa, huku visiwani kwetu, sijui kupamba maneno. Nikikosea mnivumilie. Ila msipite hivi hivi.

Binti yangu anaitwa Ateca, yuko kidato cha nne. Tangu mdogo huyu mtoto ana kazi safi mpaka raha! Pambizo anapiga kwa rula. Tarehe juu, mstari chini yake. Daftari limevikwa karatasi ya kaki, kona haijawahi kukunjika.

Na shuleni kwao usafi wa kazi si mchezo. Mwalimu wao wa Kiingereza, Masta Rohitesh, ndiye anayesimamia. Anakusanya madaftari, anasahihisha mchana. Hata ukipata yote, kama ukurasa mchafu, baada ya kengele unabaki unaandika upya mpaka aridhike.

Basi ghafla Ateca akaanza kuzuiwa.

Ijumaa. Ijumaa iliyofuata tena. Na nyingine tena!

Sasa Ijumaa ndiyo siku kaka yangu Peceli anakuja mjini na pikapu, ananiletea mihogo. Akirudi anampitia Ateca shuleni ili tuokoe nauli ya basi. Anapiga honi getini weee, mtoto hatoki. Anachoka, anaondoka zake.

"Ateca, umekuwaje wewe?" nilimuuliza.

"Kazi yangu ilikuwa chafu, mama."

"Mjomba wako kakaa pale getini kama mlinzi! Huna hata haya?"

Akainamia daftari lake.

"Si naongea na wewe?"

"Nisamehe, mama."

Nikajua tu, masta kamchukia mwanangu. Kumbe jirani yangu wa sokoni, Akanisi, alikuwa na lake.

"Mama Ateca, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Huyo masta anampendea nini mwanao? Kila Ijumaa abaki naye?"

"Hebu koma, Akanisi!"

"Nikome nini? Mimi ningekuwa wewe, ile miwani yake angeshaiokota chini."

Jamani... roho iliniruka! Mihogo nikawa naiuza huku sioni hata chenji ninayorudisha. Mwanangu, peke yake na mwanaume, darasani, wenzake wamekwenda...

Ijumaa ile sikungoja. Nilimwachia Akanisi meza, nikaenda shule.

Mkuu wa shule, Madam Kelera, akamwita masta ofisini. Akaja kabeba madaftari. Nikamvaa!

"Unamtaka nini mwanangu?"

"Mama, keti kwanza, nikuonyeshe..."

"Usinionyeshe kitu! Watoto wote kazi zao safi, wa kwangu tu ndiye mchafu?"

"Huwa wanabaki kama kumi, mama. Milango iko wazi. Lakini Ateca..."

"Usilitaje jina la mwanangu!"

Madam Kelera akaona hapa patachafuka. "Basi, leo Ateca aende nyumbani. Sisi tubaki tuongee."

Nikajiona mshindi, nyie!

Ateca akaitwa. Akasimama mlangoni, kaukumbatia mkoba kifuani. Nje getini honi ikalia. Pii! Pii!

"Panda gari la mjomba wako, nenda nyumbani!"

"Mama... kazi yangu ni chafu kweli. Acha niirudie."

"Utairudia nyumbani."

"Mama, tafadhali."

"Ateca! Usinitie aibu."

Akanitazama. Mtazamo ule sijui niuelezeje... Kisha akageuka, akaenda.

Masta akafungua madaftari juu ya meza.

"Hii ya Jumatatu. Hii ya Alhamisi."

Safi. Mistari imenyooka kama tuta.

"Na hizi ni za Ijumaa."

Wino umepakwa ukurasa mzima! Alama za vidole kila mahali.

"Angalia chini ya wino, mama. Unaona? Kaandika vizuri kabisa. Halafu ndio kapaka."

"Nani kapaka?"

"Yeye mwenyewe. Leo nimemwona kwa macho yangu. Kavunja mrija wa kalamu, kachovya kidole, kafuta kazi yake huku machozi yanamtoka."

Nikaupapasa ule wino kwa kidole.

"Mwanao anajichafulia ili nimzuie," masta akasema. "Nilikuwa nakuja kumwambia madam, ukawa umefika. Mama, huyu mtoto haogopi kubaki shule. Ijumaa anaogopa kutoka. Kuna nini Ijumaa?"

Kuna nini Ijumaa...

Huko nje injini ikanguruma.

Wamama wenzangu, sikumbuki nilivyotoka ofisini! Ndala moja iliniponyoka kwenye ngazi, ya pili getini. Pikapu ilikuwa inaishia kwenye kona.

"Pecelii! Simama!"

Hasikii. Au hataki.

Nikakimbia. Kifua kinawaka, kokoto zinanichana. Watu wananishangaa, mama mzima anakimbia anapiga kelele. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, sina hata sala ya maana, ni "Baba! Baba! Baba!" tu.

Basi msimu ule miwa inavunwa. Garimoshi la miwa likakatiza barabara mbele, taratibu, mabehewa hayaishi... Magari yote yakasimama.

Nikaufikia mlango, nikaufungua.

Peceli akacheka. "He, dada! Viatu umemwachia nani?"

"Ateca, shuka."

"Si nampeleka nyumbani?"

"Nimesema ashuke!"

Kwetu dada na kaka wakishakuwa watu wazima hawakodoleani macho. Ni heshima, tumelelewa hivyo. Siku ile nilimkazia macho kaka yangu mpaka yeye akainamisha uso.

Ateca akashuka, akanishika gauni kama mtoto wa chekechea.

"Mama, huwa hapiti barabara kubwa," akanong'ona. "Ijumaa ya mwisho kupanda gari lake aliingia kwenye shamba la miwa, akazima gari. Akaniambia maneno... Akanishika mkono. Nikaruka, nikakimbia. Akasema nikikwambia hutapata tena mihogo ya kuuza, na wewe hutaniamini."

Nilikaa pale pale kwenye vumbi.

Masta alitufikia na gari lake, anahema. Nikamweleza aliyoyasema Ateca. Alitupeleka polisi.

Mnadhani yaliishia hapo?

Kesho yake ukoo ukaja. Kaka yetu mkubwa, Inoke, akaketi mkekani, kashika jino la nyangumi kwa mikono miwili. Kwetu hilo ndilo neno la mwisho. Ukilipokea umesamehe, kosa limezikwa, halitajwi tena. Ukilikataa umewatemea mate wote.

"Dada, pokea. Mtoto hakuumia. Yaishe hapa hapa, polisi wa nini?"

Niliogopa, sitawadanganya. Mume sina, hawa ndio watu wangu. Nikifa, hawa ndio wa kunizika.

Nikatazama pazia la chumbani. Chini yake niliona vidole vya miguu vya Ateca. Amesimama, anasikiliza mama yake atasema nini.

"Kaka, jino naliheshimu," nikasema. "Lakini silipokei."

"Unavunja udugu kwa sababu ya maneno ya mtoto?"

"Ndiyo. Kwa maneno ya mtoto wangu."

Wakaondoka nalo. Mpaka leo kanisani wananipita kama mti. Peceli yuko mikononi mwa sheria, na mihogo nanunua kwa watu baki.

Masta nilimfuata nikamwomba radhi. Akasema, "Mama, hata mimi nilikata alama Ijumaa zote hizo, nikaandika 'chafu, rudia' bila kumuuliza. Tulikosea wote wawili."

Wamama, kazi ya mwanao ikichafuka ghafla, usianze na mwalimu. Usianze hata na fimbo. Kaa naye chini, zima simu, umuulize taratibu: "Mwanangu, unamwogopa nani?"

Halafu jina atakalolitaja, hata kama mmenyonya ziwa moja na mtu huyo... mwamini mtoto.